Pango la Chatu, Maramagambo: unacholipia ni kusubiri

Nianze na nyota, mwenye haraka ajue pa kuishia. Matembezi ya kuongozwa hadi Pango la Chatu, katika msitu wa Maramagambo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda: tano kati ya tano. Wakala aliyetuuzia safari nzima: mbili, na hizo mbili ni za gari, ambalo lilikuwa zima na safi. Jina lake sitalitaja.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, Mwanza. Kwa miaka 19 nimesimama ubaoni nikichora taya la chatu, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuuliza, "Mwalimu, ni kweli humlamba mbuzi mwili mzima ndipo ammeze?" Najibu hapana. Ulimi wake ni wa kunusia, na ute tunaouona kwenye mnyama aliyetapikwa ni mate yaliyomtoka wakati akimeza. Kisha huja swali la pili, na ndilo lililonifunga safari: "Wewe umemwona?"

Nimemwona, lakini mikononi mwa watu. Babu yangu mzaa baba ni mmoja wa bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka wa Usukumani. Nilikuwa na miaka 7 aliponiita katikati ya uwanja, Kisesa, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Chatu alikuwa amemlalia mabegani kama mtoto mkubwa aliyepitiwa na usingizi. "Njoo mke wangu, mguse," akasema. Nilitarajia utelezi, nikakuta ngozi kavu yenye ubaridi wa mtungi, na chini yake misuli ikitembea polepole. Babu akaniambia maneno ambayo sijayasahau: chatu hajui kukasirika, anajua kuogopa tu. Tangu hapo nilitamani kumwona chatu asiyeogopa. Yaani aliye kwake.

Wakala, nilipomweleza hilo, aliniahidi mambo mawili. Kwamba tutaingia pangoni, na kwamba tutapiga picha tukiwa na chatu shingoni. Yote mawili hayapo, na nashukuru hayapo. Hilo la shingoni ni kutomheshimu mnyama. Hilo la kuingia ni kuchezea kifo.

Ndani ya pango wanaishi popo wa matunda wa Misri, na popo hao hubeba virusi vya Marburg bila wenyewe kuugua. Ugonjwa ulipata jina la mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Desemba 2007 mtalii mmoja kutoka Marekani aliingia katika pango hili hili. Aliugua vibaya, akapona. Mwaka uliofuata akaingia mwanamke kutoka Uholanzi. Alirudi kwao na Julai 2008 akafariki. Pango likafungwa. Baadaye, kwa msaada wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, likajengwa jukwaa la kutazamia, mbali na mdomo wa pango na lenye kioo. Kwa hiyo mtu anayekuahidi leo kuingia ndani ama hajui anachouza, ama anajua na hajali. Nilimwambia hivyo wakala kwa simu. Akanijibu, "Dada usijali, tutaongea na wenyewe." Hapo nyota zake zikaanza kudondoka.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye nyoka humwogopa hata aliyechorwa kwenye kalenda. Alikuja kwa sababu nilimwomba, na nampa heshima yake hapa hadharani. Mwanza hadi Bukoba, Mutukula, Masaka, Mbarara: siku mbili. Ukishapita Bushenyi unakata mashamba ya chai, kisha ardhi inakatika na Bonde la Ufa linajitandaza chini yako. Getini, raia wa Afrika Mashariki tuna viwango vyetu vya kulipa, chini ya vile vya wageni wa mbali. Beba pasipoti au kitambulisho cha taifa, usije ukabishana bure.

Mwongozaji aliyetupokea alikuwa binti wa Kinyankole, Kiswahili chake cha kutafuta maneno lakini kilichonyooka. Njiani alitufundisha jina la msitu. Okumara ni kumaliza, amagambo ni maneno. Wanasimulia kwamba vijana walipotea humo siku nyingi, na walipotoka hawakuweza kutamka kitu mpaka walipolishwa na kupumzika. "Na ninyi mtayamaliza kabla ya kufika," akatuambia. Sauti ya hewani chatu huisikia kwa uhafifu, lakini mtikisiko wa ardhi humfikia kupitia taya lake lililolala chini. Kwa hiyo tukatembea kama wanaoingia chumba cha mgonjwa. Nilimpenda mwongozaji yule tangu hapo, kwa sababu adabu aliyotudai alikuwa akimtakia mnyama.

Kabla ya kuliona pango utalisikia. Popo wengi wa matunda hutegemea macho na pua. Hawa wana jambo la ziada, hugonga ulimi na kusikiliza mwangwi, ndiyo maana wanaweza kukaa mahali penye giza. Waliowahi kuwakadiria wanasema ni kama 40,000. Mbele ya kioo nilihesabu mpaka mia mbili kwenye ukingo mmoja wa mwamba, nikaacha. Harufu ya kinyesi chao inafika mpaka jukwaani, kali, inawasha pua kama mkojo uliolala. Sipunguzi nyota kwa hilo. Hapo ni nyumbani kwao.

"Chatu yuko wapi?" mdogo wangu akanong'ona. Mwongozaji hakunyoosha kidole. Akasema, "Tafuta jiwe ambalo si jiwe."

Ningekuwa natoa zawadi, ningetoa kwa sentensi hiyo. Kila mwongozaji ninayemjua angetuonyesha haraka, tupige picha, tuondoke. Yeye alituacha tutafute, na ilituchukua dakika ishirini na kitu. Aliyemwona kwanza ni mdogo wangu, mwoga wa kalenda. Alinishika mkono, akashindwa kusema, na mimi nikafuata macho yake: kwenye mwamba uliojitokeza kama rafu, chini kidogo ya popo, kulikuwa na mviringo wa kahawia wenye mabaka meusi, na juu ya mviringo ule kichwa chenye alama nyeusi kama ncha ya mkuki, iliyozungushiwa mstari wa rangi ya njano iliyofifia. Alikuwa pale muda wote. Nilikuwa nimeshampita kwa darubini si chini ya mara tatu.

Mwongozaji alimkadiria mita nne. Wakubwa wengi wa aina hii huwa kati ya mita tatu na tano. Wanaopita sita wapo, lakini ni wachache mno kuliko hadithi zao.

Halafu hakufanya kitu. Ninalisema kwa uzito wake, maana nimesoma malalamiko ya wageni waliokwenda na kurudi wakisema nyoka alikuwa "amelala tu." Hakulala. Chatu hana kope, hivyo huwezi kujua kwa macho yake, lakini ulimi ulikuwa ukitoka na kurudi kila baada ya muda, na kichwa kilikuwa kimeinuka kidogo juu ya mwamba. Hiyo ndiyo kazi yake. Chatu hakimbizani na windo, hulisubiri linapopita. Porini hujilaza kando ya njia ya pimbi, ndezi, tumbili au swala mdogo, mara nyingi karibu na maji, na anaweza kukaa hapo kwa siku nyingi. Akishapata mlo mkubwa hukaa miezi bila kuhitaji mwingine. Huyu wa Maramagambo amepata mahali ambapo windo linaning'inia juu ya kichwa chake. Na giza halimsumbui, kwa kuwa kwenye magamba ya midomo ana vishimo vinavyohisi joto. Kila popo kwake ni kaa la moto lililotundikwa ukutani.

Tukiwa tunamtazama, mdogo wangu aliuliza maswali yote ambayo wanafunzi wangu huuliza, na hapo ndipo nilipompima mwongozaji kama mwalimu anavyompima mwalimu mwenzake. Chatu ana sumu? Hana. Ana meno mengi yaliyopinda kuelekea nyuma, ya kushikia. Akijiviringisha huvunja mifupa? Hapana, akasema, hubana mpaka damu isitembee. Nilifurahi karibu nimkumbatie, kwa sababu hata vitabu vingi vya shule bado vinasema windo hufa kwa kukosa pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa panya na boa, nyoka wa Amerika anayebana windo kama chatu, ulipima ndani ya mwili wa panya wenyewe: shinikizo la damu lilishuka ndani ya sekunde chache, moyo ukaanza kwenda kombo. Kabla mapafu hayajawa na neno, ubongo umeshanyimwa damu.

Na kumeza? Wengi husema taya "linachomoka." Halichomoki. Pande mbili za taya la chini hazijaungana mbele kwa mfupa. Zimeshikwa na kano inayovutika, na kila upande hutembea peke yake, hatua kwa hatua, kana kwamba nyoka anatembea juu ya chakula chake kwa mdomo. Ili asikose hewa muda wote huo husogeza mbele mdomo wa koo la pumzi, ukachungulia pembeni ya windo. Mwongozaji alilieleza hili kwa mikono yake miwili, kidole kikisogea baada ya kidole, na nimeshaliiba kwa ajili ya kidato cha pili.

Niliongeza langu moja, naye akaliandika kwenye kidaftari chake. Wanasayansi waliomchunguza chatu wa Burma, ndugu wa huyu kule Asia, walikuta kwamba siku mbili tatu baada ya mlo mkubwa moyo wake huongezeka uzito kwa kama asilimia 40, na utumbo nao hunenepa, kisha vyote hurudi vilivyokuwa. Yaani mwili huu haugharamii jiko la moto kila siku. Hulijenga siku chakula kinapofika. Lakini siku hizo chatu ni mzito, hawezi kukimbia vizuri, na akitishwa hutapika kila kitu ili aokoe roho yake. Mlo wa miezi unapotea kwa sababu kuna mtu alitaka picha ya karibu. Kioo kile kinatukinga sisi na popo. Kwa maoni yangu kinamkinga chatu nasi pia.

Nilimwuliza kuhusu mama. Hapa ndipo nilipokuwa nimengoja kumsikia atasema nini, kwa sababu hakuna kitu katika maisha ya chatu kinachonigusa kama hiki. Alieleza kwamba jike hutaga makumi ya mayai, wengine hukaribia mia, na huyazunguka kwa mwili wake miezi miwili hata mitatu bila kula. Kisha akasema kwa uangalifu kwamba kuna mengine yaliyoonekana Afrika Kusini, kwa chatu wa kusini, ambaye siku hizi huhesabiwa kuwa aina tofauti na huyu wetu. Huo uangalifu wa kutochanganya aina mbili umenipa imani na kila alichosema kabla yake.

Alikuwa akizungumzia kazi ya Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, iliyochapishwa mwaka 2018 baada ya miaka ya kuwafuatilia chatu kwa redio na kuweka kamera kwenye mashimo yao. Mama hutaga ndani ya shimo lililoachwa na muhanga, yule mnyama mchimbaji anayekula mchwa. Ngozi yake hugeuka karibu nyeusi. Kila siku hutoka mdomoni mwa shimo, hujianika mpaka joto la mwili linakaribia nyuzi 40, kiwango kinachokaribia kumdhuru, kisha hurudi kuyazunguka mayai na kuyagawia joto alilolichuma juani. Watoto wakishaanguliwa hawaondoki mara moja. Kwa kama majuma mawili huota jua mchana na usiku hurudi kulala katikati ya mikunjo ya mama yao. Haya yalipochapishwa, aina nyingine za nyoka wanaotaga mayai hazikuwa zimewahi kuonekana zikilea watoto hivyo. Mpaka shughuli yote imalizike, mama amepoteza kama asilimia 40 ya uzito wake, na wengine huchukua miaka kabla ya kutaga tena. Nilipowasomea wanafunzi hilo mara ya kwanza, msichana wa nyuma aliyekuwa akidai nyoka wote wauawe alinyamaza kipindi kizima.

Simu ya dereva ilianza kuita tukiwa na saa moja na robo jukwaani. Kwenye ratiba ya wakala, Pango la Chatu lilikuwa limepewa dakika 45, pamoja na kutembea. Dakika 45 kwa mnyama ambaye maisha yake yote ni kungoja! Baada ya Maramagambo tulikuwa tumepangiwa mashua ya Mfereji wa Kazinga, viboko na ndege, na dereva alikuwa na haki ya kuhofia kuchelewa. Lawama ni ya aliyepanga. Mwongozaji alitutazama tu. Akasema yeye hana haraka kama sisi hatuna. Mdogo wangu akazima simu yake, akakaa chini.

Ilikuwa kama nusu saa baadaye. Kundi la popo liligombania nafasi kwenye ukingo, mmoja mdogo akaachia, akaangukia mwamba wa chini, akaanza kutambaa kwa vidole gumba vya mabawa yake ili apate pa kupandia. Kichwa cha chatu kilielekea kule polepole sana, kama mkono wa saa. Kisha sikuona. Nilikuwa na darubini machoni na bado sikuona. Kilichokuwepo ni kichwa hapa, halafu kichwa kule, na mkunjo mmoja wa mwili umeshambana popo kwenye jiwe. Mkunjo mmoja ulitosha. Popo wengine hata hawakuhama. Mdogo wangu alitoa pumzi aliyokuwa ameibana, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Masikini," na hata sasa sijamwuliza alimaanisha yupi.

Kumeza kulichukua dakika chache tu. Kisha chatu akapiga miayo miwili, akayarudisha mataya mahali pake, akajiviringisha tena palepale. Tukaondoka. Mashua tuliikosa na sijutii.

Ukiamua kwenda, weka nafasi ya matembezi ukiwa na asubuhi nzima mbele yako, na mwambie wakala wako kwa maandishi kwamba hutaki kitu kingine kabla ya saa nane mchana. Darubini beba yako mwenyewe. Bila hiyo utaona mwamba na rangi. Viatu viwe vya kufunika kifundo, njia inateleza mvua ikinyesha. Usiokote popo aliyeanguka njiani, awe hai au mfu, na matunda yaliyotafunwa yaache chini, hata kama mtoto analia anayataka. Watoto wadogo ningewaacha nyumbani, si kwa hofu ya nyoka, ni kwa sababu ukimya wa saa mbili ni mzigo kwao. Na kama mwongozaji wako hasemi neno kwa muda mrefu, mwache.

Usiku ule, Mbarara, nilimpigia babu. Hasikii vizuri siku hizi, ilibidi nipaze sauti mpaka wageni wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Nikamweleza mwamba, popo, mkunjo mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Aliwakimbia?"

"Hapana, babu. Tulikuwa mbali."

"Vizuri, mke wangu," akasema. "Vizuri sana."